Chunusi zatibiwa, macho yasahauliwa

CHUNUSI haziui. Pengine ndiyo sababu matibabu yake hayapewi uzito unaostahili, si na mgonjwa anayeyatafuta, si na muuzaji anayeyatoa, na wakati mwingine si na tabibu anayeyaandika. Kijana huingia katika duka la dawa akionyesha uso wake, akatoka na tyubu ya krimu au karatasi ya vidonge, bila kuulizwa hata swali moja kuhusu macho yake.

Swali hilo linalokosekana lina gharama. Katika tiba zinazotumiwa sana dhidi ya chunusi, yapo makundi matatu ambayo madhara yake kwa macho yamejulikana kitaalamu kwa miongo kadhaa. La kwanza ni isotretinoini, kidonge cha chunusi sugu. La pili ni antibaiotiki za jamii ya tetrasaiklini. La tatu ni krimu zenye steroidi, ambazo kwa hakika si dawa ya chunusi, lakini ndizo zinazopakwa na watu wengi mijini kwa imani kwamba ni dawa.

Madhara mengi kati ya hayo hupungua au kutoweka dawa inaposimamishwa mapema. Machache hayarudi nyuma kabisa. Kinachotenganisha aliyepona na aliyepoteza uoni, mara nyingi, ni muda uliopita kabla ya mtu kutambua kwamba kidonda cha usoni na giza la machoni vina uhusiano.

Jicho ni jirani wa uso

Kwa macho ya mtu wa kawaida, ngozi ni jambo moja na jicho ni jingine. Hata hospitalini kila kimoja kina kliniki yake, daktari wake na foleni yake. Mwilini mpaka huo haupo.

Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili, na hunyonya haraka kile kinachopakwa juu yake. Kwenye ukingo wa kila kope mna tezi ndogo za mafuta, ndugu wa zile tezi za usoni ambazo zikiziba husababisha chunusi. Mafuta ya tezi hizo hutandazwa juu ya machozi kila mtu anapopepesa, yakazuia machozi yasikauke kwa upepo na joto.

Hivyo dawa yoyote yenye uwezo wa kunyausha tezi za mafuta za uso ina uwezo pia wa kunyausha tezi za kope, kwa kuwa haichagui mahali pa kufanyia kazi. Vilevile krimu yoyote inayopakwa mashavuni na kwenye paji la uso usiku hufika kwenye kope kwa mkono, kwa jasho au kwa mto wa kulalia, na kutoka kwenye kope huingia jichoni.

Dawa yenye nasaba na vitamini A

Isotretinoini iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1982 na kuuzwa na kampuni ya Roche kwa jina la Accutane. Roche iliacha kuuza chapa hiyo nchini humo mwaka 2009, lakini dawa yenyewe inaendelea kutengenezwa na kampuni nyingine kwa majina mbalimbali. Kwa chunusi kubwa zenye vivimbe na zinazoacha makovu, hakuna dawa iliyoleta mabadiliko makubwa zaidi. Matibabu yake kwa kawaida huchukua wiki 15 hadi 20, na wagonjwa wengi hawahitaji kurudia.

Tahadhari yake kubwa kabisa inahusu mimba, kwa kuwa dawa hii huharibu vibaya mtoto aliye tumboni. Kwa sababu hiyo mwanamke anayeitumia hutakiwa kupimwa mimba na kutumia uzazi wa mpango. Uzito wa onyo hilo umeyafunika maonyo mengine, yakiwemo ya macho.

Mwaka 2001 jarida la kitaalamu la American Journal of Ophthalmology lilichapisha uchambuzi wa Frederick Fraunfelder na wenzake wa Oregon, Marekani, uliopitia taarifa za madhara ya macho kwa watumiaji wa dawa hiyo. Miongoni mwa madhara waliyoyaweka katika kundi la yale yenye uhakika ni macho kukauka, kuvimba kwa kingo za kope, ukungu kwenye konea, kushindwa kuvumilia lenzi za kuvaa machoni, kuumizwa na mwanga, na kupungua kwa uwezo wa kuona gizani.

Kukauka kwa macho ndiko kunakotokea mara nyingi zaidi. Mgonjwa huhisi mchanga machoni, huwashwa, na jioni macho huwa mekundu. Kwa wengi, matone ya machozi bandia yanatosha hadi matibabu yaishe. Ukungu wa konea nao, kwa mujibu wa maelezo ya dawa yaliyoidhinishwa Marekani, ulionekana kuondoka au kuelekea kuondoka ndani ya wiki 6 hadi 7 baada ya dawa kusimamishwa.

Kuona gizani ni jambo jingine. Retina hutegemea rangi maalumu iitwayo rodopsini, inayotengenezwa kwa vitamini A. Mwanga huivunja rangi hiyo, na jicho huijenga upya ili mtu aone penye mwanga hafifu. Isotretinoini ina nasaba na vitamini A, lakini haiwezi kufanya kazi yake ndani ya retina. Kinyume chake, huchelewesha ujenzi huo.

Hapa pana kitendawili ambacho mzazi wa Kitanzania anaweza kukielewa upesi. Watoto wa miezi 6 hadi miezi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, na moja ya sababu ni kuwakinga dhidi ya upofu unaoanza kwa kutoona usiku. Ukosefu wa vitamini A huleta giza, na dawa iliyotokana na vitamini hiyo hiyo nayo yaweza kuleta giza.

Maelezo rasmi ya dawa hiyo yanaonya mambo mawili ambayo hayapaswi kupita bila kusemwa. Kwanza, kwa baadhi ya wagonjwa uwezo wa kuona usiku ulipungua ghafla, bila dalili ya kutangulia. Pili, kwa wachache tatizo liliendelea hata baada ya dawa kuachwa. Ndiyo sababu Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) huwawekea marubani wanaoitumia dawa hii sharti la kutorusha ndege usiku.

Rubani ana mamlaka ya kumsimamia. Dereva wa bodaboda anayerudi kutoka Mbagala saa nne usiku katika barabara isiyo na taa hana mtu wa kumuuliza anatumia vidonge gani. Wala dereva wa lori la Tunduma hana. Umri wa kuugua chunusi ndio huo huo umri wa kuendesha pikipiki ya abiria, na onyo lililoandikwa kwa Kiingereza kwenye kijikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi halimfikii anayelihitaji.

Vidonge viwili visivyopaswa kukutana

Tetrasaiklini kwa Mtanzania ni jina lenye heri. Mafuta ya macho ya tetrasaiklini yametumika kwa miaka mingi kutibu vikope, na akina mama wengi wanayafahamu kwa rangi yake ya njano. Ni vigumu basi kumshawishi mtu kwamba vidonge vya jamii hiyo hiyo vyaweza kuyadhuru macho kwa njia nyingine.

Doksisaiklini na minosaiklini hutumika kutibu chunusi za kiwango cha kati. Kwa wengi hufanya kazi vizuri. Lakini kwa wagonjwa wachache dawa hizi huongeza shinikizo la maji yanayozunguka ubongo. Shinikizo hilo huusukuma mshipa wa fahamu wa jicho pale unapoingilia, ukavimba. Usipotulizwa, nyuzi zake hufa, na uoni unaopotea kwa njia hiyo haurudi.

Isotretinoini peke yake nayo yaweza kuleta hali hiyo, kama ambavyo vitamini A ikizidi mwilini yaweza kuileta. Hivyo mtu anapotumia isotretinoini pamoja na dawa ya jamii ya tetrasaiklini, hatari mbili zinajumlishwa. Miongozo ya kitabibu inakataza mchanganyiko huo waziwazi, na inawataka wagonjwa wa isotretinoini wasijiongezee vidonge vya vitamini A.

Katazo hilo ni rahisi kulitii pale mgonjwa anapokuwa na daktari mmoja na jalada moja. Katika miji ya Afrika Mashariki hali si hiyo. Mtu huandikiwa isotretinoini katika kliniki binafsi ya ngozi. Wiki tatu baadaye anapata kikohozi au homa, anapita duka la dawa la mtaani kwake, anapewa doksisaiklini. Muuzaji hajui cha kliniki, na kliniki haijui cha muuzaji. Mgonjwa, ambaye ndiye pekee anayejua vyote viwili, hajaambiwa kwamba havipaswi kukutana.

Dalili zake nazo huwa rahisi kupuuzwa. Kichwa huuma kwa siku nyingi na maumivu huzidi mtu anapolala au kuinama. Uoni huzimika kwa sekunde chache anaposimama, kisha hurudi. Masikio huvuma kwa mapigo kama ya moyo. Wengine huona vitu viwili viwili. Wapo watakaosema ni malaria, wapo watakaosema ni uchovu wa kazi, na wapo watakaomeza dawa ya maumivu na kuendelea. Wanawake vijana, hasa wenye uzito mkubwa, ndio walio katika hatari zaidi ya hali hii, nao ni miongoni mwa wanaotafuta sana tiba ya chunusi.

Krimu inayotuliza huku ikiharibu

Hata hivyo, kwa idadi ya watu wanaoguswa, isotretinoini na tetrasaiklini hazifiki pale ilipofika krimu ya steroidi. Hii haihitaji kliniki. Hupatikana dukani, sokoni na saluni, ikiwa peke yake au ndani ya mkorogo.

Krimu kali za steroidi, kama zenye betamethasoni au klobetasoli, zina kazi halali katika magonjwa kadhaa ya ngozi. Zikipakwa kwenye chunusi, wekundu na uvimbe hupungua kwa siku chache, ngozi huanza kung'aa, na mtumiaji huamini amepata alichokuwa akikitafuta. Kumbe chunusi haijatibiwa. Kadiri wiki zinavyopita, steroidi yenyewe huzalisha chunusi mpya. Mtumiaji akiiacha, uso hulipuka upya, naye huirudia kwa kudhani kwamba alikosea kuiacha. Mzunguko huo waweza kudumu miaka.

Katika miaka hiyo, jicho hupokea kiasi kidogo kila siku. Steroidi hubadili njia ambazo maji ya ndani ya jicho hutokea. Njia zikibana, shinikizo hupanda, na shinikizo likikaa juu huua mshipa wa fahamu wa jicho taratibu. Hiyo ndiyo glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Steroidi pia huweza kuleta mtoto wa jicho kwa watu ambao umri wao haujafikia kuugua ugonjwa huo.

Mtoto wa jicho anaweza kuondolewa kwa upasuaji. Glakoma haina ukarimu huo. Haiumi wala haileti wekundu, na huanza kula uoni kutoka pembeni wakati katikati mtu bado anaona vizuri. Kwa kawaida hugundulika pale mgonjwa anapoanza kugonga milango au kushindwa kuona gari linalotokea ubavuni, na kilichokwisha kupotea wakati huo hakirudishwi na dawa yoyote.

Si kila anayetumia steroidi atapatwa na hayo. Majaribio yaliyofanywa katika miaka ya 1960 kwa matone ya macho yenye steroidi yalionyesha kuwa kwa takriban theluthi moja ya watu shinikizo la jicho hupanda kwa kiasi, na kwa watu kama 5 kati ya 100 hupanda sana. Krimu ya ngozi huingiza dawa kidogo jichoni kuliko matone, na krimu hafifu iliyotumika siku chache kwa maelekezo ya daktari haina sababu ya kuzua hofu. Hatari iko katika krimu kali, karibu na macho, kwa miezi na miaka, bila kipimo.

Aidha, wenye glakoma na ndugu zao wa karibu wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupandwa na shinikizo wanapotumia steroidi. Jambo hili lina uzito wa pekee nchini. Utafiti uliofanyika wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uligundua kuwa takriban watu 4 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 40 au zaidi walikuwa na glakoma. Maana yake ni kwamba vijana wengi wanaopaka krimu hizo leo wana mzazi, mjomba au shangazi mwenye ugonjwa huo, na huenda hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba historia hiyo inawahusu wao.

Pengo katika usimamizi

Tanzania haikukosa sheria. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliunda Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), na vipodozi vyenye steroidi, zebaki au haidrokwinoni vilipigwa marufuku. Mwaka huo huo ulianza mkoani Ruvuma mpango wa maduka ya dawa muhimu, uliokusudia kuhakikisha kwamba hata mahali pasipo na mfamasia kuna muuzaji aliyepewa mafunzo.

Mwaka 2019 majukumu yaligawanywa. Vipodozi na chakula vilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na TFDA ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kwenye karatasi mgawanyo huo unaeleweka. Mtaani, krimu ya steroidi haijui kama yenyewe ni dawa au ni kipodozi. Ikiwa kwenye boksi lake ndani ya duka la dawa ni dawa. Ikichanganywa na losheni katika kopo lisilo na maandishi na kuuzwa saluni, imekuwa kipodozi haramu. Tyubu ni ile ile, na jicho linaloathirika ni lile lile, lakini mlango wa kupeleka malalamiko umebadilika.

Operesheni za kukamata na kuteketeza vipodozi haramu zina umuhimu wake. Lakini hazimgusi mtu aliyenunua krimu iliyosajiliwa kihalali, katika duka lenye leseni, na kuitumia kwa miaka mitatu bila cheti cha daktari. Mtu huyo hayumo katika takwimu za operesheni yoyote. Ataonekana siku atakapofika kliniki ya macho, na hata hapo, daktari asipouliza anapaka nini usoni, ataandikiwa glakoma na chanzo kitabaki nyumbani juu ya meza ya kioo.

Maswali machache, kipimo cha dakika

Itakuwa kosa kuyasoma haya kama wito wa kuziogopa dawa za chunusi. Chunusi kali huacha makovu ya uso na ya moyo, na kijana anayezitafutia tiba hafanyi anasa. Zipo tiba za kupaka, kama benzoili peroksaidi na adapalini, ambazo tahadhari yake kuu kwa macho ni kutozipaka karibu nayo na kuyaosha kwa maji mengi zikiingia. Zipo pia hizo dawa kubwa, ambazo mikononi mwa daktari ni msaada wa kweli. Anayezitumia kwa maelekezo asiziache kwa hofu kabla ya kuzungumza naye.

Kinachotakiwa si kikubwa. Anayetoa dawa aulize kama mgonjwa ana ndugu mwenye presha ya macho, kama anavaa lenzi, kama anaendesha chombo usiku, na ni vidonge gani vingine anameza. Anayetumia isotretinoini au tetrasaiklini aambiwe kwa Kiswahili kwamba kichwa kinachouma mfululizo pamoja na uoni unaozimika ni sababu ya kuacha dawa na kufika hospitali siku hiyo hiyo. Aliyepaka krimu kali usoni kwa miezi apimwe shinikizo la macho, kipimo kinachochukua dakika chache, naye asaidiwe kuiacha krimu hiyo chini ya uangalizi kwa kuwa uso utachafuka kabla ya kutakata.

Nchi ina mahali pa kuanzia. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi na ina idara ya macho, vyote katika eneo moja. Muhimbili nako huduma zote mbili zipo. Kama madaktari wa pande hizo mbili wakikubaliana juu ya fomu moja fupi ya maswali, na mamlaka zikaifikisha hadi kwa muuzaji wa duka la dawa muhimu, gharama yake itakuwa karatasi na wino.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa glakoma msemo huo una ukali wa pekee, kwani tiba iliyopo huzuia hasara mpya tu na hairudishi iliyokwisha kutokea. Kovu la chunusi laweza kufifia kwa miaka. Mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa, haufufuki.